Nani Atawaambia Nyuki

Jumatatu, 3 Juni 1929

Mvua asubuhi, jua baada ya chai. Njegere zangu zimefika kiunoni. Za kasisi zimefika gotini. Sisemi kitu.

Bwana Mkubwa, Sir Lambert Coyle, bado kalala na kifua chake. Ijumaa kofia yake ilipeperuka ikaangukia bwawani, naye akaifuata. Kofia ilitoka salama. Yeye katoka na kikohozi kinachosikika mpaka kwenye mizinga. Mtu wa miaka sabini na nane anafuata kofia! Mimi nina sabini na mmoja na kofia yangu nimeifunga kamba.

Jana mpwa wake, Bwana Everard, alikuja kutoka London na motokaa yake nyekundu. Akasimama na Pinnock, mkuu wa watumishi, karibu na mizinga yangu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nyuma ya maharage, nimeinama. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa napalilia polepole. Bwana Everard akasema mjomba wake akifumba macho tu, kijumba cha mzee wa nyuki kitavunjwa ukuta mmoja kiwe banda la motokaa. Mizinga ya majani itachomwa moto. Ataletwa kijana kutoka chuo, na mizinga ya masanduku. Pinnock akauliza, na mzee mwenyewe? Akajibiwa kuna nafasi kwenye nyumba ya wazee mjini.

Naijua nyumba hiyo. Wanakuogesha kila Ijumaa, upende usipende. Dirisha linatazama ukuta.

Miaka arobaini na mmoja nimekaa katika kijumba hiki. Marehemu mke wangu Keziah alifia kwenye kiti hiki ninachokikalia sasa. Siondoki.

Nina mpango. Kila mtu hapa Mardlow anajua kwamba bwana wa nyumba akifa, nyuki lazima waambiwe siku hiyo hiyo. Unagonga kila mzinga mara tatu kwa ufunguo wa mlango mkubwa. Unawatajia aliyekufa, unawatajia bwana mpya, unafunga kitambaa cheusi. Wasipoambiwa, wanahama au wanakufa. Na marehemu babu yangu alijua jambo ambalo wengi wamelisahau. Aliyewapa nyuki habari ya msiba haondolewi mahali pake mpaka mwaka uishe, la sivyo nyuki wote wanamfuata. Mwaka mzima! Kwa kichwa kama changu, ndani ya mwaka nitakuwa na mipango kumi mingine.

Tatizo ni Pinnock. Ufunguo anao yeye. Mama yake Bwana Mkubwa alipofariki, miaka kumi na miwili sasa, Pinnock alitoka na glovu zake nyeupe akawaambia nyuki WANGU, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuwa chakula kiko mezani. Mwaka ule asali ilikuwa chungu. Sijamsamehe.

Safari hii ataona.


Jumanne, 4 Juni

Ushindi!

Nilikwenda jikoni na kopo la asali kwa mpishi wetu, Bi Tuffin. Akafurahi. Akageuka kutafuta kijiko. Chumba cha Pinnock kiko hatua nne kutoka jikoni, ufunguo mkubwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimeuondoa. Mahali pake nimetundika ufunguo wa banda la barafu. Urefu ule ule, kutu ile ile. Hata fundi hawezi kutofautisha kwa macho. Nilirudi jikoni kabla kijiko hakijapatikana.

Nilikuwa natabasamu, nadhani. Bi Tuffin akanitazama, mikono kiunoni.

"Enoch, wewe ukitoa meno hivyo najua kuna kitu kimepotea nyumba hii."

Nikamwambia ni furaha ya kuona sura yake. Akasema sura hiyo anayo tangu mwaka juzi na sijawahi kuitabasamia. Mwanamke mwerevu, lakini si kama mimi.

Ufunguo nimeuficha ndani ya mtungi wa asali, rafu ya chini. Nani atatafuta ufunguo ndani ya asali?

Bwana Mkubwa amekohoa mara ishirini na mbili kabla ya chakula cha mchana. Nawaombea afya wote wawili, yeye na kijumba changu.


Jumatano, 5 Juni

Kumetokea jambo dogo ambalo sikulipanga, lakini sina kosa.

Daktari alikuja saa tatu asubuhi. Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa tangu jana jioni. Pinnock akatia ufunguo. Haukuzunguka. Akatia mafuta. Akasukuma kwa goti. Ufunguo ukakatikia ndani ya kitasa. Daktari akaambiwa azunguke nyuma. Nyuma Bi Tuffin alikuwa amepiga deki kwa sabuni, akasema hapiti mtu hapa mpaka pakauke, hata awe nani. Daktari akaingilia dirisha la stoo ya vyombo. Ni mtu mnene. Nilimsaidia kwa chini. Alinishukuru, kisha akanishukuru tena ili nimwachie.

Pinnock anasema kitasa kimezeeka kama watu wengine aliowataja kwa jicho. Fundi wa vitasa amekwenda kwenye harusi ya binti yake wilaya ya pili, atarudi Jumamosi. Basi mpaka Jumamosi mlango mkubwa wa Mardlow Hall haufunguki. Mgeni aingilie jikoni au arudi kwao.

Nilimuuliza daktari hali ya Bwana Mkubwa. Akasema kwa umri ule mtu lazima awe tayari kwa lolote. Mimi niko tayari. Nimetafuta kitambaa cheusi, sikupata. Sketi ya marehemu Keziah siigusi. Lakini kasisi aliniazima mwavuli wake mwezi wa Aprili na hajauulizia. Mtu asiyeuliza mwavuli wake miezi miwili hauhitaji. Umetoa vipande kumi na kimoja kamili, na mbavu zake nimesimikia njegere.


Alhamisi, 6 Juni

Naandika kwa jicho moja. Jingine halifunguki.

Saa sita mchana, jua linawaka. Nilikuwa juu ya ngazi naangalia mpeasi ulioegemezwa ukutani. Nikatazama dirisha la Bwana Mkubwa. Pinnock kaja dirishani. Kasimama kidogo. Kateremsha mapazia. Yote mawili. Mchana kweupe!

Katika nyumba hii mapazia hayateremshwi mchana isipokuwa kwa jambo moja.

Nilishuka ngazi bila kuigusa, nadhani. Kofia nilivua. Alikuwa bwana mwema. Alinipa koti lake la mvua mwaka wa ishirini na mbili, na siku ya mazishi ya Keziah alisimama nami makaburini mpaka watu wote walipoondoka. Hilo nimelikumbuka wakati nautoa ufunguo mtungini.

Nilifikiri niende kwanza jikoni nikaulize. Nikaona hapana. Ukiuliza, Pinnock anajua unajua. Kule ndani angekuwa tayari anavaa glovu.

Nikagonga mzinga wa kwanza mara tatu. Nikasema: "Bwana wenu Lambert amekufa. Bwana wenu sasa ni Everard. Kaeni naye." Wa pili hivyo hivyo. Sauti yangu ilikuwa nzuri sana, nzito, tofauti kabisa na ya Pinnock. Lakini ufunguo ulikuwa na asali. Mtu anayepitisha ufunguo wa asali mlangoni kwa mizinga kumi na mmoja, hewa nzito, radi inakaribia, asishangae. Nilipofika wa tano walinijia usoni. Sikukimbia. Niliwaambia wote kumi na mmoja, na vitambaa nikafunga vyote. Cha mwisho nilikifunga kwa kupapasa.

Mizinga inaonekana barabarani. Haikupita nusu saa, mpiga kengele wa kanisa akaona vitambaa vyeusi. Hakuuliza mtu. Vitambaa ni vitambaa. Kengele ikalia mara tatu, mara tatu, mara tatu, maana yake mwanamume. Kisha ikahesabu miaka yake. Nilisimama bustanini nikisikiliza, machozi yananitiririka upande mmoja.

Wanakijiji wakaja na maua, wakayaweka kwenye ngazi za mlango mkubwa. Walipogonga mara moja mlango usifunguliwe, wakaona ni heshima waondoke kimya. Mama wa posta amepeleka simu kwa Bwana Everard kwa hiari yake.

Nimefanya kazi ya mwaka mzima kwa robo saa. Nalala mapema. Uso unawaka.


Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi motokaa nyekundu ikafika, Bwana Everard na mama yake, Bi Lavinia, ambaye ni dada yake Bwana Mkubwa. Yeye kavaa nyeusi tupu. Mwanawe kafunga tai nyeusi na kachukua utepe wa kupimia. Wakagonga mlango mkubwa. Wapi! Wakavuta kengele. Pinnock hakuja. Basi wakabaki kwenye ngazi katikati ya maua, chini kabisa ya dirisha la Bwana Mkubwa, nao wakaanza kugawana.

Mimi nilikuwa pembeni na toroli, uso wangu kama boga. Bi Lavinia alitaka saa kubwa ya ukumbini. Bwana Everard akasema saa inakwenda na nyumba, na nyumba ni yake. Mama akasema amembeba tumboni miezi tisa kwa hiyo saa itakwenda kwake. Bwana Everard akasema Pinnock amezeeka, ataondoka mwezi huu. Kikohozi cha mjomba, akasema, kilichukua muda mrefu kuliko ilivyotegemewa. Kisha akaniona.

"Wewe mzee, ukifika Jumatatu nikute umehama. Nataka kuanza kubomoa."

Nikamwambia hawezi. Mimi ndiye niliyewaambia nyuki, nina mwaka. Akacheka mpaka akashika ngazi. Akaja kwenye kijumba changu na utepe wake, akapima ukuta wa Keziah. Futi kumi na moja. Akasema motokaa itatosha ikiingia kinyumenyume. Nilikuwa nimeshika jembe. Nililishika zaidi.

Akarudi kwa mama yake kwenye ngazi, nami nyuma yake, ndipo ikasikika sauti juu yetu.

"Lavinia, ile saa msigombane. Bado naitumia."

Mapazia yamefunguliwa. Dirishani kasimama Bwana Mkubwa na kofia ya kulalia, nusu ya uso ina sabuni, Pinnock nyuma yake na wembe. Bi Lavinia akakaa juu ya maua. Mimi nikapiga magoti kwenye toroli.

Bwana Everard akasema, "Mjomba! Hujambo kabisa!"

"Sijambo. Niwieni radhi kwa usumbufu. Na mwambieni mpiga kengele kanipigia sabini na tisa. Nilihesabu. Kanizidishia mwaka."

Bwana Everard akasema yote yalikuwa kosa la simu, na yeye alikuja mbio kwa uchungu. Bwana Mkubwa akamuuliza utepe ni wa kupimia uchungu wa futi ngapi. Halafu akafunga dirisha.

Bwana Everard akageuka aondoke. Na hapa ndipo watu wa Mardlow watakapolitaja jina la Enoch Thripp miaka mia. Mzinga wa tano ulikuwa umetoa kundi. Nyuki elfu kwa elfu walikuwa wametua kwenye motokaa nyekundu, kwenye usukani na kiti cha dereva, wameninginia kama ndevu. Niliwaambia wakae na bwana wao Everard, nao wamekwenda kukaa naye! Nani tena atasema nyuki hawasikii? Nilimwambia Bwana Everard asogee taratibu, wanamsubiri. Hakutaka. Wamekwenda stesheni kwa miguu, maili tatu, mama mbele.

Jioni Bi Tuffin alikuja na siki ya kupaka usoni. Ndiye aliyenieleza yote. Mapazia yaliteremshwa kwa sababu jua lilikuwa linampiga Bwana Mkubwa machoni na alitaka kulala. Kengele ilipolia, Pinnock alidhani ni ya mwenye kinu cha kusagia, ambaye naye mgonjwa. Akampelekea mjane barua ya rambirambi. Mwenye kinu kaijibu mwenyewe.

Nikamwambia Bi Tuffin mtu mwingine yeyote angeteremsha mapazia kwa utaratibu zaidi. Kosa ni la Pinnock. Bi Tuffin alinipaka siki kwenye jicho lililopona.


Jumamosi, 8 Juni

Fundi wa vitasa amerudi. Kwenye kitasa katoa kipande cha ufunguo wa banda la barafu. Saa tano nikaitwa juu.

Bwana Mkubwa kakaa kitandani, anakula yai. Pinnock kasimama kando na sahani ya fedha. Juu ya sahani ufunguo wa mlango mkubwa, unanata, na nyuki mmoja kafia juu yake. Kumbe niliuacha juu ya mzinga wa kumi na mmoja. Mtu aliyeumwa mara ishirini hawezi kukumbuka kila kitu.

Pinnock akaeleza. Ana ulimi mrefu yule bwana, alieleza mpaka yai likapoa. Wizi wa ufunguo, kuharibu kitasa, kumvunjia daktari heshima dirishani, kumuua mwajiri wake bila ruhusa. Akamaliza kwa kusema yeye kwa mtazamo wake nyumba ya wazee mjini ina nafasi.

Nikakiona kile kiti cha Keziah kiko nje kwenye mvua.

Bwana Mkubwa akaweka kijiko chini, akanitazama. Uso wangu bado umevimba, macho mekundu, machozi hayajakauka tangu Alhamisi.

"Thripp, ulinililia?"

Nikasema, "Nililia, Bwana Mkubwa. Tangu mzinga wa tano."

Akakohoa, au akacheka, kwa kifua kile huwezi kujua. Akamwambia Pinnock kwamba jana walikuja watu wawili wa damu yake na mwenye macho mekundu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa kwenye toroli. Akasema hajawahi kupata nafasi ya kujua nani atachukua saa, sasa anajua. Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo:

"Kijumba ni chako, Thripp, maadamu mimi niko hai. Sasa nenda ukawaombe radhi nyuki wangu."

Pinnock akaziba mdomo kwa glovu. Sijawahi kuona asubuhi nzuri kama hii. Nimegonga mizinga yote tena, kwa ufunguo uliooshwa, Pinnock kausimamia kwa macho. Nimewaambia bwana wao karudi. Lile kundi nimelitoa kwenye motokaa kwa fagio la manyoya na kulitia kwenye mzinga mpya. Sasa nina kumi na miwili.

Yote haya yamekwenda sawasawa na nilivyopanga Jumatatu.


Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kanisani. Bwana Mkubwa naye kaenda, daktari kamkataza na yeye kaenda. Koti hakulifunga kifungo. Wakati wa wimbo wa pili akakohoa mara tatu. Mahubiri, mara nne. Kutoka nje akasimama kwenye upepo anamcheka mpiga kengele.

Sikusikia neno la mahubiri. "Maadamu mimi niko hai." Nilikuwa nalirudia kichwani. Mtu wa miaka sabini na nane, hafungi vifungo, anafuata kofia majini! Kijumba cha Keziah kinaning'inia kwenye kifungo kimoja cha koti!

Nilirudi, nikakaa kwenye kiti chake, nikafikiri mpaka viazi vikaungua. Nikapata.

Bwana Mkubwa anahitaji mke. Mke angemfunga vifungo. Mke angeikamata kofia. Na hata jambo likitokea, mjane angebaki kwenye nyumba, na Bwana Everard angebaki London. Dada yake kasisi, Bi Prudence Ockley, hajaolewa, ana miaka sitini, ana mabega ya mwanajeshi na mchuzi wake wa mifupa unafufua. Aliwahi kumtoa ng'ombe shimoni peke yake. Huyo hasa.

Lakini nikisubiri waanze wenyewe, Bwana Mkubwa mwenye haya kama yule, itafika theluji. Lazima mtu awasukume. Na harusi nayo nyuki lazima waambiwe, kila mtu anajua. Wakiona vitambaa vyeupe mizinga yote kumi na miwili, kijiji kizima kitampongeza Bi Prudence kabla ya chai, na Bwana Mkubwa ni muungwana, hawezi kumwaibisha mwanamke.

Safari hii hakuna kosa. Alhamisi niliharakisha. Safari hii nimetulia.

Shuka ya Bi Tuffin ilikuwa kwenye kamba. Imetoa vipande kumi na viwili na kimebaki cha kufutia pua. Ufunguo wa mlango mkubwa Pinnock kauvaa shingoni sasa, hata akila. Haidhuru. Nimechukua ule wa chumba cha kasisi kule kanisani, ulikuwa umeachwa kwenye mlango kwa nje, ukatoka nilipouzungusha. Kwa harusi ufunguo wa kanisa unafaa zaidi. Nadhani kasisi alikuwa bado ndani anavua kanzu. Nilisikia kama mtu anagonga. Mlango ni mnene, huwezi kuwa na hakika.

Nimewaambia wote. "Bwana wenu Lambert anaoa. Bibi wenu sasa ni Prudence." Hakuna aliyeniuma ila mmoja, mkono wa kushoto, nao siuandikii.

Sasa nimekaa mlangoni na daftari hili gotini. Jua zuri. Vitambaa vyeupe vinapepea. Mpiga kengele amesimama barabarani, anatazama mizinga, kofia mkononi. Anahesabu vitambaa. Sasa ameanza kukimbia kuelekea kanisani.

Nimempungia mkono.